Vigae vya njano vya nukta na mistari kwa wasioona: nukta wapi, mistari wapi?

Mwanamtaa_Stendi

Wakuu, habari za kazi. Kuna njia ya waenda kwa miguu inajengwa kutoka stendi hadi geti la hospitali ya wilaya. Urefu mita 140, upana mita 2.4, upande mmoja ukuta, upande wa pili barabara. Katikati kuna kona moja ya nyuzi 90, kuna kivuko chenye taa, chemba tatu zimo ndani ya njia yenyewe, na getini kuna ngazi nne zenye upana wa mita 1.8.

Mkandarasi ameleta vigae vya saruji vya njano, sentimita 30 kwa 30, aina mbili: vya nukta na vya mistari. Anataka kutandaza vya nukta mwanzo hadi mwisho kwa sababu anavyo vingi, na anasema nukta "ni usalama zaidi". Kamati inataka kujua kabla saruji haijamwagwa:

1. Kipi kinakaa wapi, na mistari ielekee wapi?
2. Kwenye chemba tunafanyaje?
3. Ni lazima viwe vya njano?
4. Kile kisanduku cha kitufe kwenye taa za kuvukia, wenzetu wa nje wanakifanyaje kimsaidie asiyeona?

---

Mhandisi_Njia

Mzuie mkandarasi leo leo. Nukta mwanzo hadi mwisho ni sawa na kumwambia mtu "simama" mara mia nne na ushee. Akifika kwenye kivuko chenyewe hatakuwa na namna ya kujua kwamba hii sasa ndiyo simama ya kweli.

Vigae hivi alivibuni Seiichi Miyake wa Okayama, Japani, mwaka 1965. Tarehe 18 Machi 1967 vikawekwa kwa mara ya kwanza kwenye kivuko karibu na shule ya wasioona mjini humo. Mfumo uliokua kutokana na kazi yake una alama mbili tu. Mistari: endelea, fuata ilikoelekea. Nukta: simama au punguza mwendo, hapa kuna kitu cha kuangalia, iwe ukingo wa barabara, ngazi, njiapanda au mlango. Mtu anaisoma kwa ncha ya fimbo nyeupe na kwa wayo wa kiatu, na wayo hauwezi kutofautisha mambo mengi. Ndiyo maana mfumo umebaki na alama chache.

Kabla ya yote pima vigae ulivyoletewa. Kiwango cha Japani, JIS T 9251 cha mwaka 2001, kinataka nukta ziwe na kimo cha milimita 5, kichwa bapa chenye kipenyo cha milimita 12, na umbali wa milimita 55 hadi 60 kutoka katikati ya nukta hadi katikati ya jirani yake. Kigae cha sentimita 30 kinakuwa na nukta 25, tano kwa tano. Mistari nayo ina kimo hicho hicho cha milimita 5, upana wa milimita 17 juu, na milimita 75 kutoka katikati ya mmoja hadi katikati ya mwingine, minne kwa kigae. Nukta zikibanana sana wayo unazihesabu kama sakafu tambarare iliyokwaruzwa, na kimo cha milimita 2 au 3 hakisikiki vizuri kwa mtu aliyevaa raba nene. Vigae vya mapambo vinavyouzwa kama vigae vya wasioona vipo vingi, kwa hiyo chukua rula, usichukue neno la muuzaji.

Sasa mpangilio wa njia yako. Safu moja ya mistari, upana wa kigae kimoja, ikielekea sawasawa na mwendo. Ianzie sentimita 70 kutoka ukutani. Hapo upande wa barabara unabaki na mita 1.4 laini kwa ajili ya kiti cha magurudumu na mama mwenye mtoto. Pande zote mbili za safu ziwe wazi angalau sentimita 60: nguzo, pipa la taka, benchi, tangazo la chuma, vyote vihame. Kama nguzo haihamishiki, hamisha safu yote kuanzia mbali. Usiikate ukaipindisha ghafla kuizunguka nguzo.

Kwenye kona weka vigae vinne vya nukta, mraba wa sentimita 60. Usikate mistari kwa mshazari kutengeneza mpindo mzuri wa macho, maana fimbo haipati mpindo ule, inapoteza njia tu.

Kwenye kivuko weka nukta kwa upana wote wa sehemu iliyoshushwa, yaani pale ukingo unaposhuka kukutana na barabara, kina cha sentimita 60 yaani vigae viwili, na uache sentimita 30 hivi kati ya nukta na ukingo wa barabara. Mistari inayoingia kwenye nukta hizo ielekee hasa kule mtu anakovukia. Hapa ndipo kosa baya kuliko yote hutokea. Kivuko kikiwa karibu na kona, ukingo unakuwa umepinda, na fundi anafuata mpindo wa ukingo. Asiyeona anajipanga kwa kutumia nukta na mistari, kwa hiyo anaondoka kuelekea katikati ya makutano ya magari.

Ngazi: nukta juu na chini, upana wote wa ngazi, kina cha vigae viwili, zikianza sentimita 30 kabla ya ngazi ya kwanza.

Hesabu: 140 gawanya kwa 0.3 ni kama vigae 467, vingi vyake mistari. Kivukoni, kama sehemu iliyoshushwa ni mita 2.4, ni 16 kila upande, jumla 32. Ngazini 12 juu na 12 chini, jumla 24. Kona 4. Getini mwisho wa safu weka nukta 4. Ongeza asilimia 10 ya vitakavyokatwa na kuvunjika. Kwa ufupi unahitaji nukta chini ya 100, kwa hiyo shehena ya mkandarasi irudi akabadilishe.

---

Kijana_wa_Leeds

Naongeza tahadhari moja kwa sababu najua jinsi michoro inavyonakiliwa. Ukiona mchoro wa Uingereza usiuchanganye na huu wa Mhandisi_Njia hapo juu.

Uingereza hawana alama mbili, wana kama saba. Nukta za kivukoni zipo, kigae cha sentimita 40 chenye nukta sita kwa sita, lakini rangi nayo inasema kitu: nyekundu ni kwa vivuko vinavyodhibitiwa tu, vya taa na vya pundamilia. Kivuko kisichodhibitiwa hakiruhusiwi nyekundu. Na kwenye kivuko kinachodhibitiwa kuna "mkia" wa nukta wenye upana wa mita 1.2 unaotoka ukingoni hadi ukutani, ili anayetembea kando ya ukuta aukanyage, ageuke, aufuate hadi kwenye kitufe. Sijaona namna bora zaidi ya kumfikisha mtu kwenye nguzo ya taa.

Hatari iko kwenye ngazi. Uingereza ngazi inatahadharishwa kwa mistari yenye mgongo wa mviringo, kimo cha milimita 6, iliyolazwa KUKATISHA njia. Yaani mistari inayokukingama maana yake ni hatari mbele. Kwa Wajapani mistari maana yake ni endelea. Ujerumani nao wanatumia mistari iliyokingama kwenye baadhi ya vivuko kama kizuizi. Kwa hiyo chagueni mfumo mmoja, muuandike kwenye nyaraka za mradi, na mradi unaofuata wa wilaya uufuate huo huo. Mji wenye mifumo miwili ni mtego.

Kuna kiwango cha kimataifa pia, ISO 23599, kama mkandarasi anadai "hakuna kiwango".

---

Mwanamtaa_Stendi

Asanteni sana wakuu. Mkandarasi anauliza: kama mistari ni endelea, mtu atajuaje aendelee upande upi, kwenda au kurudi? Na chemba bado.

---

Mhandisi_Njia

Upande hawezi kuujua kutokana na mistari, na hahitaji. Anajua anatoka stendi. Mahali ambapo upande ni suala la uhai ni ukingo wa jukwaa la treni, na huko Wajapani wametia nyongeza ya akili sana. Safu ya nukta inakaa sentimita 80 hadi 100 kutoka ukingoni, na upande wa ndani wa safu, ule wa mbali na reli, wanaongeza mstari mmoja mrefu. Aliyezunguka akapotea akigusa nukta anatafuta ule mstari kwa mguu: ulipo mstari ndiko salama. Bila huo, nukta peke yake zinasema "ukingo upo" lakini hazisemi uko kushoto au kulia kwako.

Chemba namwachia fundi.

---

Fundi_Zege

Naam. Chemba iliyo ndani ya safu ina dawa mbili.

Ya kwanza, ikwepeni. Chemba tatu kwenye mita 140, huenda safu ikisogezwa sentimita 20 tu mbili zinabaki nje. Piga kamba kwanza kabla ya kuamua zile sentimita 70.

Ya pili, tumia mfuniko wa sinia, ule wenye kingo za chuma na tumbo la kujaza pevingi au vigae ndani. Unakata vigae kwa grainda, unavijaza, mistari inapita juu ya chemba kama vile haipo. Sasa tatizo: mfuniko wa mraba unaingia kwa namna nne. Watu wa maji au wa simu watafungua, watamaliza kazi yao, watarudisha ulivyokuja mkononi, na mistari itakuwa imekingama. Hili limeenea duniani kote, hata miji tajiri. Tia alama ya kudumu: gonga patasi kwenye fremu na kwenye mfuniko sehemu moja, alama zikutane. Rangi haitoshi, inafutika. Ukipata mfuniko wa mstatili ni bora zaidi, unabaki na namna mbili tu na zote mbili ni sahihi.

Kuhusu kulaza vigae:

Kitako cha kigae kiwe usawa mmoja na pevingi za jirani, nukta peke yake ndizo zitokeze. Mafundi wengi wanasawazisha KICHWA cha nukta na pevingi kwa sababu pima maji inakaa vizuri hapo. Ukifanya hivyo umezika milimita 5 zote na pesa ya kamati. Kigae kikishuka milimita 3 tu, kimebaki na nukta za milimita 2. Lakini kitako kikipanda juu ya pevingi nacho kinakuwa kizingiti cha kujikwaa. Tumia kipande cha ubao kilichochongwa mashimo ya nukta, au weka pima maji katikati ya safu za nukta.

Chini weka zege jembamba la milimita 75 hadi 100, juu yake mota ya saruji moja kwa mchanga minne, unene wa milimita 25 hivi. Kigae kilale chote kwenye mota, si matone matano ya pembeni na katikati. Penye uwazi chini ndipo gurudumu la mkokoteni litakapokivunja, na bodaboda zitapita hapo hata mkiweka kibao.

Usipitishe kompakta juu ya vigae vya nukta. Inakata vichwa. Shindilia pevingi za pembeni kwanza, kisha vigae vigongwe kwa nyundo ya mpira juu ya ubao.

Maji: mistari iliyolala kukingama mteremko wa maji inashika matope, na ikijaa matope haisomeki. Mteremko wa njia wa asilimia 2 kuelekea barabarani, na kati ya mwisho wa mstari wa kigae hiki na mwanzo wa mstari wa kigae kinachofuata acha nafasi ndogo isiyozidi sentimita 3 ili maji yapite. Ukizidisha, fimbo inadhani mstari umekatika.

Msikubali vile vya plastiki vya kubandika kwa gundi nje penye jua. Ndani ya jengo sawa. Nje kingo zinainuka, na kingo iliyoinuka inakamata kidole cha mguu. Nukta za chuma cha pua zilizochimbiwa nazo ni nzuri ndani, lakini nje kwenye mteremko wakati wa mvua zinateleza.

---

Bi_Rangi

Swali la njano naona limepitwa. Wengi wanaotumia vigae hivi hawajapoteza uwezo wa kuona kabisa. Wanaona kidogo, vivuli na tofauti za rangi. Kwa hao kinachofanya kazi ni utofauti wa mwanga kati ya kigae na sakafu inayokizunguka, na njano imependwa kwa sababu inaonekana juu ya lami na zege jeusi. Njano iliyopauka juu ya pevingi za kijivu hafifu, mchana wa jua kali, karibu haionekani. Kwa hiyo ama pevingi za pande zote mbili za safu ziwe za kijivu kizito, upana wa sentimita 20 hadi 30 kila upande, ama mbadili rangi ya kigae. Nyeupe juu ya nyeusi ni halali kabisa. Nyekundu iacheni, Kijana_wa_Leeds ameshaeleza inabeba maana kwa wengine, na juu ya vumbi letu jekundu haionekani.

Rangi iwe ndani ya saruji, unene wote wa tabaka la juu. Iliyopakwa juu inaondoka na viatu kabla ya masika mawili. Pigeni picha ya kigae kikiwa kimelowa na kikiwa kikavu, ondoeni rangi kwenye picha ibaki nyeusi na nyeupe. Kama hamuoni safu, asiyeona vizuri naye haioni.

---

Gurudumu_Moja

Mbona hakuna anayetaja sisi wa viti vya magurudumu? Nukta zinatikisa mgongo, na gurudumu dogo la mbele linageuka lenyewe likikuta mistari kwa mshazari. Wenye magongo nao zinawasumbua.

---

Mhandisi_Njia

Ni kweli, na hoja hii haina jibu la kumridhisha kila mtu. Kile kinachomwambia asiyeona "hapa barabara inaanza" ndicho kinachokukwaza wewe. Wajerumani wana majibu mawili. La kwanza ni kugawana maumivu: ukingo wa barabara unashushwa hadi sentimita 3, fimbo inausikia, gurudumu linaupanda kwa shida. La pili, ambalo mimi nalipendelea panapokuwa na nafasi, ni kutenganisha. Kwenye kivuko kimoja, sehemu moja inashushwa hadi sifuri kwa magurudumu, na sehemu ya pembeni yake inabaki na kimo cha sentimita 6 kwa wasioona, safu ya mistari ikiwapeleka hiyo ya sentimita 6. Kila mmoja anavukia pake. Sehemu ya sifuri inawekewa mistari iliyokingama asiyeona asiingie kwa bahati mbaya, kwa hiyo ukichagua njia hii kwenye mradi wenu wa alama mbili, weka nukta pale badala ya mistari.

Njiani kwenyewe ndiyo maana ya zile mita 1.4 laini. Zilindeni msije mkazipangisha kwa vibanda.

---

Taa_za_Barabara

Nije kwenye swali la nne, kisanduku cha kitufe. Mwangalie nchi tano hivi.

Uingereza: chini ya kisanduku, upande wa kulia, kuna koni ndogo yenye miparuzo. Wengi wanaopita kila siku hawajui ipo. Taa ya mtu wa kijani ikiwaka, koni inazunguka. Unaweka mkono chini, ikizunguka unavuka, ikisimama unasubiri. Ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham katika miaka ya 1980. Ubora wake ni kwamba haina sauti: inamfaa asiyeona na asiyesikia kwa pamoja, na inafaa pale vivuko viwili vimekaribiana, ambapo mlio wa kimoja ungemdanganya aliyesimama kwenye kingine.

Australia: kitufe kikubwa chenye bamba la mshale uliotokeza, ukielekea hasa njia ya kuvukia. Kinagonga polepole wakati wa kusubiri, kinagonga haraka haraka wakati wa kuvuka, na bamba linatetemeka kwa mdundo huo huo. Sauti inajipandisha magari yakiwa mengi na kujishusha usiku, majirani wasilalamike.

Sweden: ubavuni mwa kisanduku kuna ramani ya kuguswa. Unaanza chini kwenda juu: ukingo ulipo, njia ya baiskeli kama ipo, njia za magari ngapi, kisiwa cha katikati, ukingo wa ng'ambo. Mtu anajua anachovuka kabla hajavuka.

Japani: sauti mbili za ndege, moja kwa kila uelekeo wa makutano. Vivuko vingine sauti inapokezana kati ya ncha mbili, hapa kisha kule, ili mtu aifuate na asipotoke njiani. Baadhi wanaweka pia safu ya alama za kukanyaga juu ya lami yenyewe.

Singapore: tangu 2009 mzee au mwenye ulemavu anagusisha kadi yake ya nauli nafuu kwenye nguzo, na taa ya kijani inaongezwa sekunde 3 hadi 13 kulingana na upana wa barabara. Wengine wakivuka bila kadi muda unabaki wa kawaida, foleni haiongezeki bure.

Kwa mradi wenu, bila bajeti kubwa: mshale uliotokeza wa chuma juu ya kisanduku, unaoelekea ng'ambo kwa usahihi, hauhitaji umeme. Kisha omba muuza taa atoe bei ya kitetemeshi au koni. Nguzo ikae upande wa kulia wa sehemu ya kuvukia, karibu na mwisho wa nukta. Sisi tunaendesha kushoto, gari la kwanza linatokea kulia, na Waingereza wanaweka kisanduku kulia kwa sababu hiyo, mtu anayekitazama anakuwa ametazama magari. Kitufe kiwe kimo cha mita moja hivi, afikie mtoto na aliye kwenye kiti.

Umeme ukikatika koni na kitetemeshi vinakufa kimya, na kimya kinafanana na "subiri". Hiyo ni hali salama. Kinachoendelea kulia wakati taa imekufa ndicho cha kukataa, na kwenye majaribio ya kupokea kazi zimeni swichi muone kinafanya nini.

---

Mwanamtaa_Stendi

Nimeelewa. Tunataka kupanga vigae vikavu bila mota kwanza, watu wa chama cha wasioona cha wilaya waje wapite na fimbo. Kuna la kuangalia?

---

Fundi_Zege

Panga sehemu tatu tu, si mita zote 140: kona, kivuko, na ngazi. Jaza mchanga pembeni ili kitako kiwe usawa na sakafu, vinginevyo watakwaa kwenye kingo na jaribio halina maana. Wapite bila kuelezwa ramani. Kwenye kona angalia kama fimbo inapata safu ya pili ndani ya ule mraba wa nukta. Ikiipita, ongeza mraba uwe vigae tisa, 90 kwa 90. Kivukoni msimamishe mtu juu ya nukta, mwambie aelekeze mkono anakodhani ni ng'ambo, nawe simama nyuma yake uone mkono unaelekea wapi. Ukipotoka, geuza mistari inayoingia, usimlaumu mtu. Na wapite tena saa ya soko, muone machinga na pikipiki wanakaa wapi, maana hapo ndipo mtajua kama safu inahitaji kuhamia karibu zaidi na ukuta.